Kirejeshi, Ukanushi na Kiunganishi 'na' katika Maelezo ya Kichujio cha Ankara

1.0 Utangulizi

Mjadala wa Kiswahili cha kompyuta umejikita zaidi katika istilahi. Makala haya yanahamishia mjadala kwenye sarufi, kwa kuchunguza namna ya kueleza kwa Kiswahili zana ya kuunda vichujio vya kumbukumbu katika programu ya ankara. Mifano imetungwa, na inachukulia programu ya ankara za maji inayohudumia kata za Mji wa Ifakara, zikiwamo Mlabani na Kibaoni.

Kichujio huundwa kupitia kiolesura cha programu tumizi, yaani njia ambayo programu moja huiomba nyingine kazi bila mtu kubonyeza kitufe. Ombi huwa na mambo manne: uga (kata, deni, hali ya malipo), kilinganishi (sawa na, si sawa na, kabla ya), thamani, na kiunganishi cha masharti. Kichujio kikishahifadhiwa huitwa tena kila mwezi. Hivyo, sharti lililoelezwa vibaya mara moja hurudia kosa lake kila mwezi, na kaya isiyostahili inaweza kukatiwa maji.

2.0 Njeo na kirejeshi

(1) a. ankara zisizolipwa
    b. ankara ambazo hazijalipwa
    c. ankara ambazo hazikulipwa

Mwandishi anayependa ufupi huchagua (1a). Hata hivyo, kirejeshi kikanushi -si-...-o- hakibebi njeo. Kirai hicho chaweza kumaanisha ankara ambazo bado hazijalipwa, ambazo hazikulipwa wakati fulani, au hata ambazo kwa kawaida hazilipiwi. Mofimu -ja- haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi. Umbo *hazijazolipwa halikubaliki. Kwa hiyo anayetaka maana ya "mpaka sasa bado" hulazimika kutumia amba-, kama katika (1b).

Tofauti ya (1b) na (1c) ina uzito. Mteja wa Mlabani aliyelipa siku moja baada ya tarehe ya mwisho yumo katika orodha ya (1c), ikiwa kipindi kinachotajwa kinaishia tarehe hiyo, lakini hayumo katika ya (1b). Wakati huohuo, (1b) peke yake hukusanya hata ankara iliyotolewa jana. Kichujio cha kukata huduma kinahitaji (1b) pamoja na sharti la pili: tarehe ya mwisho imepita.

3.0 Kiunganishi 'na'

(2) a. wateja wa Mlabani na Kibaoni
    b. wateja ambao kata yao ni Mlabani au Kibaoni

Kwa msomaji wa kawaida, (2a) ni wateja wa kata zote mbili wakijumlishwa. Katika kichujio, 'na' huunganisha masharti, wala haijumlishi watu: kila kumbukumbu lazima itimize yote mawili. Kwa kuwa kumbukumbu ya mteja ina kata moja tu, orodha hurudi tupu. Maana iliyokusudiwa katika (2a) huandikwa kwa 'au', kama ilivyo katika (2b).

4.0 Ukanushi na uga mtupu

Kauli "mteja hana deni" hubeba hali mbili: deni lake ni 0, au deni lake halijaandikwa kwa sababu mita haijasomwa. Kanzidata zinazotumia lugha ya SQL huzitenganisha. Uga mtupu hauorodheshwi na sharti "deni sawa na 0", wala na "deni si sawa na 0". Mteja huyo hupotea katika orodha zote mbili, na hakuna anayetumwa kusoma mita yake. Maelezo hayana budi kuutaja uga mtupu kama hali ya tatu.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi unaonesha kwamba ufupi wa umbo huweza kugharimu usahihi wa sharti. Amba- pamoja na -ja-, ingawa ni ndefu, ndiyo inayofaa panapotajwa hali ya malipo ilivyo sasa. Maelezo yanayokidhi vigezo hivi yangesomeka hivi: "Kichujio hiki hurudisha kila ankara ambayo haijalipwa, ambayo tarehe yake ya mwisho imepita, na ambayo kata ya mteja wake ni Mlabani au Kibaoni. Ankara ambayo deni lake halijaandikwa huorodheshwa peke yake." Kwa maelezo ya namna hii, mtunza programu na mlipaji wa Mlabani wanaweza kusoma sharti moja na kulielewa sawa.