Gitaa la besi lina jina kubwa, mbona mpigaji halipendi?

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi chetu cha kwaya, tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mpiga besi wa kwaya moja ya kijijini. Kwaya yake ilichanga kwa karibu miaka miwili. Wapo waliotoa fedha, wapo waliotoa gunia la mahindi, na mama mmoja alileta kuku. Hatimaye wakanunua mjini gitaa la besi lililotumika, lenye jina kubwa. Mpigaji akatuandikia hivi: "Nataka kulipenda, nashindwa. Likikaa begani saa moja, mkono wa kushoto unakufa ganzi. Naona aibu kusema, maana watu wamejinyima."

Tuliomba ruhusa ya kulieleza jambo hili bila kutaja majina, akakubali. Jina la kampuni pia tumeliacha, kwa sababu shida yake si ya kampuni moja. Duniani kote wapo wapiga besi walionunua gitaa linalosifiwa, wakajilazimisha kulizoea, na mwisho wakaliuza. Katika makala haya tunaeleza kwa nini hutokea hivyo, nini kinarekebishika, na nini cha kuangalia kabla kwaya au bendi yenu haijatoa fedha.

Gitaa linaloinamisha kichwa

Tuanze na kasoro inayolalamikiwa sana. Gitaa la besi huning'inia kwenye mkanda kwa sehemu mbili: kitufe kilicho nyuma ya mwili wake, na kingine upande wa shingo. Fikiria mtu anayebeba ndoo mbili za maji kwa mzega. Akiweka bega katikati, anatembea vizuri. Bega likisogea upande mmoja, ndoo ya upande mrefu inashuka. Ndivyo ilivyo kwa gitaa: kitufe cha juu kikiwa mbali mno na katikati ya uzito, shingo inashuka kuelekea sakafuni.

Mfano unaojulikana ni Gibson Thunderbird. Lilitoka Marekani mwaka 1963, na umbo lake lilichorwa na Ray Dietrich, mtu aliyekuwa mbunifu wa magari. Ni gitaa la kuvutia kweli, na sauti yake ni nzito. John Entwistle wa kundi la The Who alilipiga miaka ya 1970. Lakini upande wa juu wa mwili wake hauna pembe ndefu ya kubeba kitufe cha mkanda. Kitufe kimewekwa nyuma, karibu na mzizi wa shingo. Matokeo yake, ukiliachia mkono, kichwa kinashuka.

Mkono wa kushoto kazi yake ni kubonyeza nyuzi. Ukipewa na kazi ya pili ya kubeba shingo, unachoka mapema. Ndiyo ganzi aliyotueleza mpigaji wetu. Si uvivu, wala si kukosa mazoezi.

Shingo ndefu na vidole vyako

Mwaka 1951 Leo Fender wa California alianza kuuza Precision Bass. Kabla ya hapo, wapiga besi wengi walibeba besi kubwa ya mbao ya kusimama, ambayo kusafiri nayo ni adhabu na sauti yake humezwa na ngoma. Fender aliweka vyuma vidogo vinavyokata shingo, ili mpigaji apate noti kamili bila kubahatisha. Jina lake limetokana na usahihi huo. Urefu wa uzi unaopigwa aliuweka inchi 34, yaani karibu sentimita 86, na hadi leo magitaa mengi ya besi yanafuata kipimo hicho.

Kipimo hicho kina gharama. Kwenye gitaa la inchi 34, kutoka chuma cha kwanza hadi cha nne ni karibu sentimita 13. Kwenye gitaa fupi la inchi 30, umbali huo ni kama sentimita 11 na nusu. Sentimita moja na nusu inaonekana ndogo mezani. Lakini mwenye vidole vifupi anayeinyoosha mara mia katika wimbo mmoja, usiku wa mkesha, ataihisi hadi kwenye kiwiko.

Upana wa shingo nao una neno lake. Precision za zamani, pale shingo inapokutana na kichwa, zilikuwa na upana wa karibu milimita 44. Mwaka 1960 Fender alitoa Jazz Bass yenye milimita 38 hivi. Wapo wanaoiona ya kwanza kama kushika mpini wa shoka, na wapo wanaosema ya pili ni nyembamba mno, nyuzi zinabanana. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mkono wake. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, alifanya kazi kubwa kwa Precision. Jaco Pastorius alijulikana kwa Jazz Bass aliyoing'oa vyuma vya shingo. Wangebadilishana magitaa, huenda kila mmoja angelalamika.

Besi ya McCartney

Gitaa lingine ambalo watu hulitamani kwa sababu ya mwenyewe ni Höfner 500/1 la Ujerumani, lenye umbo la fidla. Paul McCartney wa The Beatles alinunua la kwanza mjini Hamburg mwaka 1961. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: bei ilikuwa nafuu, karibu pauni 30, na pande zake mbili zinafanana, kwa hiyo yeye anayetumia mkono wa kushoto angeligeuza bila kuonekana kituko. Gitaa hilo liliibwa London mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zilitangazwa mwaka 2024.

Mwili wa Höfner una uwazi ndani, kwa hiyo ni jepesi, na nyuzi zake ni fupi, inchi 30. Kwa bega ni raha. Ila uwazi huo una tabia: ukiongeza sauti sana au ukisimama karibu na spika, mtetemo wa spika unaingia kwenye gitaa, unarudi tena kwenye spika, na spika inaanza kulia yenyewe. Na kwa kuwa mwili ni mwepesi, shingo hapa pia inaweza kushuka. Mtu anayelinunua akitegemea mlio mkali wa kisasa atashangaa kukuta sauti ya duara, inayozimika upesi. Gitaa halijamdanganya. Yeye alikuwa ananunua picha ya McCartney.

Linapoumiza mkono wa kulia

Rickenbacker 4001 lilitoka mwaka 1961, na ndugu yake wa baadaye ni 4003. Chris Squire wa kundi la Yes na Lemmy wa Motörhead walilifanya lijulikane kwa mlio wake mkali unaokata kama panga. Wengi hulinunua kwa mlio huo. Kisha wanakuta ukingo wa mwili una kona kali pale mkono wa kulia unapoegemea, tofauti na Precision ya tangu katikati ya miaka ya 1950, ambayo mahali hapo pamechongwa. Kuna pia kifuniko cha chuma juu ya sumaku ya nyuma inayodaka sauti, ambacho wapigaji wengi hukiona kinazuia vidole, wakakiondoa. Mwenye kupiga kwa kipiki huenda asiwe na shida kubwa. Mwenye kupiga kwa vidole vitupu ndiye anayenung'unika.

Umeme, betri na mvumo

Kwetu sisi tunaopiga kwa jenereta au umeme wa kuyumba, kuna mambo mawili zaidi.

La kwanza ni mvumo. Jazz Bass ina sumaku mbili za kudaka sauti. Zote mbili zikiwa zimefunguliwa sawa, mvumo wa umeme wa moja unafuta wa nyingine. Ukipunguza moja ili upate sauti unayoitaka, mvumo unatokea. Mahali ambapo waya wa ardhini haukufungwa vizuri, mvumo huo unaweza kushindana na mhubiri.

La pili ni betri. Music Man StingRay, gitaa lililotoka mwaka 1976 ambalo Leo Fender alishiriki kulibuni, lilipata sifa kwa kuwa na kikuza sauti kidogo ndani yake. Bernard Edwards wa kundi la Chic alilipiga. Kikuza sauti hicho kinakula betri ya volti 9. Ukiacha waya umechomekwa kwenye gitaa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Wapigaji wengine wa StingRay hulalamika pia kwamba uzi mwembamba zaidi unasikika hafifu kuliko wenzake.

Jihadharini pia na masikio yenu dukani. Sauti inayopendeza ukiwa peke yako inaweza kupotea ngoma, kinanda na waimbaji 30 wanapoingia. Precision haina mapambo mengi, wengine huiona butu ikipigwa peke yake. Lakini ndani ya kundi inakaa mahali pake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu tangu mwaka 1951.

Kipi kinarekebishika?

Kabla ya kuliuza gitaa, lipeni nafasi. Yafuatayo hurekebishika kwa gharama ndogo:

- Nyuzi zilizo juu sana zinazoumiza vidole. Fundi anaweza kuzishusha na kunyoosha shingo kwa kukaza chuma kilichomo ndani yake. Msikaze wenyewe kwa nguvu, chuma hicho kikikatika hasara ni kubwa.
- Nyuzi kuukuu. Nyuzi zilizoshika kutu hufanya gitaa lolote lionekane bovu. Badilisheni kwanza, ndipo mhukumu.
- Shingo inayoshuka. Mkanda mpana wa ngozi, upande wa ndani ukiwa wa kukwaruza, hushika bega na kupunguza tatizo. Fundi pia anaweza kuhamisha kitufe cha mkanda.
- Mvumo. Mara nyingine ni waya tu uliolegea ndani, au soketi ya ukumbi.

Yasiyorekebishika ni haya: urefu wa shingo, upana wake, na uzito wa mbao. Besi nyingi zina kati ya kilo 3.5 na 4.5. Kilo moja ya ziada mtoto wa shule anaibeba bila shida. Kwenye ibada ya saa tatu, ni habari nyingine.

Kabla ya kulipa

Atakayelipiga aende mwenyewe dukani, asiwakilishwe na mweka hazina. Avae mkanda, asimame, na apige akiwa amesimama kwa dakika 20 bila haraka. Kisha aachie mikono yote miwili aone shingo inakwenda wapi. Apige noti za mwanzo wa shingo, ambako vyuma vimeachana zaidi. Apunguze na kuongeza kila kitufe cha sauti akisikiliza mvumo. Aulize kama gitaa lina betri. Baada ya hapo ndipo asome jina lililoandikwa kwenye kichwa.

Tulivyowakuta

Jumamosi moja tulikwenda kwenye mazoezi ya ile kwaya. Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake, alikuwa ameshasikia minong'ono. Akamwambia mpigaji mbele yetu, "Mwanangu, gitaa hili limepigwa na wakubwa wa dunia. Wewe unalikataaje?"

"Shikamoo mzee," kijana akajibu. "Silikatai. Lenyewe ndilo linanikataa."

Watu wakacheka, lakini mzee hakucheka. Akaomba avalishwe gitaa, akasimama nalo huku kwaya ikiimba, mkono wake wa kushoto umeshika shingo isianguke. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Katikati ya wa tatu akatafuta kiti. Hakusema mengi. Aliuliza tu fundi wa magitaa anapatikana wapi.

Fundi wa mjini alihamisha kitufe cha mkanda, akashusha nyuzi, na fundi viatu wa kijijini akashona mkanda mpana wa ngozi. Shingo bado inashuka kidogo. Mpigaji ametuambia kwamba sasa anamaliza ibada bila ganzi, ingawa hajalipenda. Wamekubaliana na mwenyekiti kwamba likipatikana jingine linalomfaa, hili litauzwa, na safari hiyo yeye ndiye atakayekwenda dukani. Lile deni la aibu kwa yule mama wa kuku limekwisha: alikuwepo siku mzee alipotafuta kiti.

Kama kwaya au bendi yenu ina gitaa mnalotaka kulipenda mkashindwa, tutumieni ujumbe mkieleza linavyowasumbua. Tutamwalika fundi studioni na tutayasoma hewani.