Stima ya Upepo na Jua Ikija Kwenu, Kikao Kianze Kabla ya Sahihi

Siku hizi si ajabu kuona gari geni limeegeshwa kwa chifu, na vijana wa kofia ngumu wakipima upepo ama jua malishoni. Wiki chache baadaye baraza linaitishwa, soda zinagawanywa, na karatasi inapita mkono kwa mkono ikitafuta sahihi. Hapo ndipo wengi wetu hupoteza nafasi, kwa sababu tunadhani kushiriki ni kupata kibarua cha kuchimba mitaro.

Tazama Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Wakazi walienda kortini mwaka 2014 kuhusu ardhi hiyo, ekari 150,000. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilisema Oktoba 2021 kwamba hati zake zilipatikana bila kufuata utaratibu. Lakini wakati huo mitambo ilikuwa inazunguka zamani. Kule Kinangop, Nyandarua, ilikuwa kinyume: wakazi walipinga, na mradi wa megawati 60 hivi ukafa 2016 kabla ya kutoa stima yoyote. Kwangu mimi, huko pia hakuna aliyeshinda.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawapa nguvu ambayo watu wengi hawaijui. Mkataba na mwekezaji kwenye ardhi ya jamii si halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima waukubali kwenye mkutano ulioitwa kwa shughuli hiyo. Mkutano wenyewe lazima uwe na theluthi mbili ya watu wazima. Si wazee watano chini ya mti. Watu wazima maana yake ni akina mama na vijana pia. Na kama ardhi yenu bado haijasajiliwa kwa jina la jamii, anzeni hapo, maana kusajili huchukua muda na mwekezaji hana subira.

Halafu kuna pesa. Kwa stima ya mvuke, Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha hivi: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali pale. Upepo na jua havimo kwenye mgao huo. Kwa hivyo mkitaka kodi ya kila mwaka, hisa, ama stima ya shule na zahanati, iandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya afisa mcheshi haimlazimishi atakayekuja baada yake.

Pia si lazima mngoje mgeni. Huko Tungu-Kabiri, Tharaka-Nithi ya leo, watu kama 200 walinunua hisa na kujenga mtambo mdogo wa maji wa kilowati 18, wakisaidiwa na shirika moja na Wizara ya Kawi. Kilowati 18 ni kidogo sana, lakini mtambo ulikuwa wao.

Iwe mnachanga ama mnapokea, simu inasaidia mkiitumia vizuri. Michango iingie kwenye akaunti ya kikundi, isiingie kwa simu ya mweka hazina, hata akiwa mtu wa kanisa. Kutoa pesa kuhitaji watu watatu, na taarifa ya akaunti isomwe kwa sauti kila mkutano. Malipo ya kodi yakianza, kila mtu mzima awe na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Mama ambaye pesa zake hupitia simu ya mzee wake huwa anasikia tu kwamba zilikuja, na mjane ambaye jina lake halikuandikwa hasikii hata hilo.

Mradi ukitangazwa, matapeli nao hufika. Mtu akikuambia utume “ada ya usajili” kwa namba yake binafsi ili upate kazi ya mradi, usitume. Ukiwa umeshatuma, tupigie mara moja tujaribu kuzuia pesa hizo kabla hazijatolewa, na upeleke ule ujumbe wa malipo kituo cha polisi. Usiufute.