Mawe Manne ya Kill Devil Hills

Katika jimbo la North Carolina, pwani ya mashariki ya Marekani, uko ukanda mwembamba wa mchanga uliotengwa na bara kwa maji mapana ya hori. Hapo ndipo palipo Kill Devil Hills, jirani na kijiji cha Kitty Hawk. Mgeni afikapo huvutwa kwanza na mnara wa mawe ya itale, wenye kimo cha meta 18, uliosimamishwa juu ya kilima cha meta 27 na kuzinduliwa mwaka 1932 kwa heshima ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Wageni wengi huupanda mlima, wakautazama mnara, wakateremka wakiwa wameridhika. Kwa mwanafunzi wa sayansi, hata hivyo, jambo lenye thamani zaidi liko chini, uwandani.

Huko chini pana jiwe kubwa linaloonyesha mahali ndege ilipoanza kupaa tarehe 17 Desemba 1903. Mbele yake yamefuatana mawe manne madogo, kila moja likiwa alama ya mahali ndege ilipotua siku hiyo. Jiwe la kwanza hufikiwa kwa hatua zipatazo 50 tu: meta 37, kwa sekunde 12. La pili na la tatu hayako mbali nalo. La nne ndilo linalomfanya mtu asimame na kukaza macho, maana liko meta 260 kutoka mwanzo. Safari hiyo, aliyoiongoza Wilbur, ilichukua sekunde 59.

Mwanafunzi mdadisi hatakosa kuuliza: hivi kweli meta 37 ni kuruka? Yafaa tupige hesabu. Meta 37 kwa sekunde 12 ni mwendo wa kilometa 11 hivi kwa saa, mwendo ambao mtu akimbiaye huumudu bila taabu. Na kwa hakika Wilbur alikimbia kando ya chombo alichokiongoza Orville. Lakini bawa halijui mwendo wa ardhi. Linalolijua ni hewa inayolipita. Siku ile upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma hadi kilometa 43 kwa saa, na ndege ilielekezwa kuukabili. Tukichukua kipimo hicho na kukijumlisha na zile 11, mabawa yalikuwa yakipasua hewa kwa kilometa 54 kwa saa. Mtoto arushaye tiara atalielewa jambo hili upesi: tiara haisogei kokote, lakini imo angani.

Upepo huo ndio uliowaleta ndugu hawa, mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton, Ohio, mbali na kwao. Walikuwa wameiandikia idara ya hali ya hewa ya nchi yao wakiuliza habari za mahali penye upepo mkali wa kudumu, wakafika mara ya kwanza mwaka 1900. Mchanga nao ulifaa, kwa kuwa aangukaye juu yake huumia kidogo.

Mwaka 1901 nusura waiache kazi. Chombo chao cha mwaka huo, chenye mabawa lakini bila injini, kiliinuka kwa nguvu pungufu mno kuliko hesabu ilivyoahidi. Walikuwa wametumia jedwali la Otto Lilienthal, Mjerumani aliyefariki mwaka 1896 baada ya kuanguka na chombo chake, pamoja na kizidishi cha msukumo wa hewa cha 0.005 kilichorithiwa tangu karne ya 18 na kuhusishwa na jina la mhandisi Mwingereza John Smeaton. Wakubwa wa elimu hiyo walikitumia, na wadogo wakafuata. Ndugu Wright walirudi Dayton, wakaunda sanduku la mbao lenye urefu wa meta 1.8, wakapuliza upepo ndani yake kwa pangaboi, na kwa mizani iliyotengenezwa kwa spoki za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Kizidishi sahihi kilikaribia 0.0033. Hesabu ya zamani, basi, ilikuwa imeahidi karibu mara moja na nusu ya nguvu iliyopo.

Kwa maoni yetu sanduku lile lilistahili mnara wake.

Injini ya nguvu farasi 12, iliyoundwa na fundi wao Charlie Taylor, pamoja na rafadha mbili walizozibuni wenyewe, zilikuja baadaye, chombo kisicho na injini kilipokwisha kutii uongozi wa rubani mwaka 1902. Ndege yenyewe haikuruka tena baada ya ile safari ya nne: dharuba iliipindua ikiwa chini na kuivunja. Ilikaa London katika Jumba la Sayansi tangu 1928, ikarudishwa Marekani mwaka 1948, na sasa imo Washington. Uwanjani waliko mawe mgeni huonyeshwa mfano wake, na vibanda viwili vya mbao vilivyojengwa upya kwa sura ya vile vya 1903.

Kilima nacho kina kisa chake. Kilikuwa chungu la mchanga mtupu lililohamishwa na upepo mwaka hadi mwaka, na kabla ya kuujenga mnara ilibidi kipandwe nyasi ili kitulie. Hivyo kilima cha leo hakiko pale hasa kilipokuwa ndugu hao walipokitumia.

Tarehe 17 Desemba 2003, miaka 100 kamili, mafundi walileta ndege iliyonakiliwa kwa uangalifu mkubwa, wakaiweka juu ya reli ya kuondokea mbele ya umati wa watu. Mvua ilinyesha na upepo ukawa hafifu. Ndege iliteleza hadi mwisho wa reli, ikainua pua kidogo, ikatua matopeni.