Kuchora Kubwa na Kuonyesha Ndogo: Upunguzaji wa Picha katika Kompyuta, pamoja na Mifano ya Kilwa

Mnamo mwezi wa Februari 2018 kampuni ya Marekani iitwayo Firaxis Games ilitoa nyongeza ya mchezo wake wa kompyuta Civilization VI, na nyongeza hiyo ilipewa jina la Rise and Fall. Miongoni mwa majengo ya ajabu ambayo mchezaji aweza kuyajenga humo, limo moja liitwalo Kilwa Kisiwani. Sharti lake ni kwamba lijengwe juu ya ardhi tambarare kando ya bahari, na mwenye kulijenga hupata wajumbe 3 wa kupeleka katika miji iliyo huru. Hivyo mji uliofikiwa na Ibn Battuta mwaka 1331, ambao magofu yake pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, umepata wageni wa namna nyingine. Wageni hao hawapandi chombo kutoka Kilwa Masoko, wala hawakanyagi mchanga wa kisiwa. Waonacho ni kile tu kinachochorwa katika kioo cha kompyuta.

Mtu atazamapo picha ya namna hiyo huenda akaona kasoro moja iliyo ya kawaida. Ukingo wa ukuta uliolala mshazari hauonekani kuwa mstari, bali huonekana kuwa ngazi au meno ya msumeno. Kitu chembamba, kama kamba ya tanga, hukatika vipande vipande. Na picha ikisogea, vipande hivyo huwaka na kuzimika. Njia mojawapo ya kuiondoa kasoro hiyo ni kuiamuru kadi ya michoro ichore picha kubwa kuliko kioo, kisha iipunguze mpaka ienee. Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, gharama yake, na kwa nini jambo lililoanza katika michezo lawahusu pia watu washughulikao na maandishi ya kale ya Kiswahili.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba kioo cha kompyuta ni safu za nukta ndogo ziitwazo pikseli, na kila pikseli yaweza kuwa na rangi moja tu kwa wakati mmoja. Kioo cha kawaida chenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo kina pikseli 2,073,600. Kadi ya michoro, ikichora bila ya msaada mwingine, huuliza swali moja kwa kila pikseli: mahali hapa, katikati ya nukta hii, pana kitu gani? Pakiwa na jiwe, pikseli nzima hupata rangi ya jiwe. Pakiwa na maji, pikseli nzima hupata rangi ya maji. Hakuna jibu la tatu, hata kama mpaka wa jiwe na maji wapita ndani ya pikseli yenyewe.

Wasusi wa mikeka katika pwani ya Kilwa na Lindi walijua jambo hili kabla ya kuwako kompyuta. Katika ukili, mstari wa rangi ufuatao mwendo wa miyaa hutoka umenyooka. Lakini msusi akitaka mstari uende upande mwingine, au akitaka duara, nakshi yake hutoka kwa vidaraja, kwa sababu kila jicho la ukili lina rangi hii au ile, wala haliwezi kugawanyika. Miyaa ikichanwa myembamba zaidi, vidaraja huwa vidogo. Na mkeka ukitazamwa kwa mbali, jicho la mtu huchanganya rangi zilizo karibu, na ukingo waonekana laini. Katika mambo haya mawili, wembamba wa miyaa na umbali wa jicho, imo siri yote ya upunguzaji wa picha.

Mfano mwingine wapatikana Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa katika karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambalo lina birika lenye pande nane. Birika hilo likichorwa kama lionekanavyo kutoka juu, pande zake nne hulala sawasawa na safu za pikseli, nazo hutoka safi. Pande nne nyingine huenda mshazari, nazo hutoka na meno. Na kama picha ikizungushwa kidogo tu, zile pande nne zilizokuwa safi ndizo ziwazo mbaya kupita zote, kwa kuwa mstari unaokaribia kulala sawa na safu hufanya madaraja marefu machache ambayo jicho huyatambua upesi.

Sasa na ichukuliwe kwamba picha ile ile yachorwa kwa pikseli 3840 kwa 2160, yaani mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo. Jumla yake ni pikseli 8,294,400, na kila pikseli moja ya kioo inapata pikseli nne za picha kubwa. Mwangaza wa pikseli hupimwa kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa jiwe la birika lina mwangaza wa 220 na maji yana 60, na ikiwa katika pikseli nne tatu ni jiwe na moja ni maji, basi jumla yake ni 720, na wastani ni 180. Mbili zikiwa jiwe na mbili maji, wastani ni 140. Moja ikiwa jiwe na tatu maji, wastani ni 100. Pale palipokuwa na majibu mawili tu, 220 au 60, sasa pana majibu matano. Ukingo haukatiki tena ghafula, bali hushuka kidogo kidogo kutoka jiwe hadi maji, na jicho huusoma kuwa mstari ulionyooka.

Asili ya kasoro yenyewe ilikwisha kuelezwa na wataalamu wa mawasiliano. Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon mwaka 1949, walionyesha kwamba jambo lipandalo na kushuka lazima lipimwe zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Likipimwa mara chache kuliko hapo, vipimo havikosi tu habari, bali hutoa habari ya uwongo: umbo ambalo halikuwapo laonekana kuwapo. Meno ya msumeno ni habari ya namna hiyo. Kuchora picha kubwa ni kuongeza vipimo, na kutafuta wastani ni kuondoa yale ambayo kioo hakiwezi kuyabeba, kabla hayajageuka kuwa uwongo.

Njia hii si ngeni. Kadi ya Voodoo 5 5500 ya kampuni ya 3dfx, iliyouzwa mwaka 2000, ilikuwa na uwezo wa kuchukua vipimo viwili au vinne kwa kila pikseli. Baadaye zilipendelewa njia nyepesi zaidi, zipimazo kwa wingi kingo za maumbo peke yake na kuacha nyuso zake. Lakini mwezi wa Septemba 2014 kampuni ya NVIDIA ilileta utaratibu uitwao Dynamic Super Resolution pamoja na kadi zake za GTX 970 na GTX 980, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo kampuni ya AMD ikaleta wake, Virtual Super Resolution. Taratibu zote mbili huuambia mchezo kwamba kioo ni kikubwa kuliko kilivyo. Mchezo huchora kwa ukubwa huo, na kadi huipunguza picha kabla ya kuipeleka kiooni. Kwa hiyo hata mchezo wa zamani, ambao watungaji wake hawakuweka dawa yoyote ya meno ya msumeno, hupata faida.

Kwa mwenye kadi ya NVIDIA, kazi huanza katika paneli ya mipangilio ya kadi, mahali pa mipangilio ya michoro ya vipimo vitatu. Hapo huchaguliwa kizidisho, kuanzia 1.20 hadi 4.00, kisha ndani ya mchezo wenyewe huchaguliwa ukubwa mpya uliojitokeza. Kizidisho hicho chahesabu pikseli zote, si upana peke yake: 4.00 ni mara mbili kila upande, lakini 2.00 huzaa picha ya pikseli 2715 kwa 1527, ambazo hazigawanyiki sawasawa katika safu za kioo. Kwa ajili ya ugawaji wa namna hii kadi hutumia chujio lichanganyalo pikseli 13, zile za katikati zikipewa uzito mkubwa kuliko za pembeni, na mtumiaji hupewa nafasi ya kuongeza au kupunguza ulaini wa picha. Ulaini ukizidi, picha huwa kama imefunikwa na ukungu. Kizidisho cha 4.00 huhitaji ulaini mdogo kabisa, kwa kuwa hesabu yake hutimia bila mabaki. Mwezi wa Januari 2022 NVIDIA iliongeza namna nyingine, itumiayo mtandao wa neva uliofunzwa, yenye vizidisho vya 1.78 na 2.25.

Hapana faida isiyo na gharama. Pikseli zikiwa mara nne, kazi ya kuzipaka rangi nayo hukaribia kuwa mara nne. Kadi iliyokuwa ikitoa picha 60 kwa sekunde, ikiwa haikuwa na nguvu ya akiba, yaweza kushuka mpaka kukaribia 15, na hapo mchezo huwa mzito mno kuchezeka. Joto huongezeka, na umeme hutumika zaidi. Jambo hili si dogo katika pwani yenye joto na unyevu, ingawa gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichomo katika wilaya ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Tena maandishi ya mchezo, kama yameandikwa kwa ukubwa usiobadilika, hupungua pamoja na picha, na huenda yasisomeke. Ndiyo sababu njia hii yafaa zaidi michezo ya zamani, na michezo isiyohitaji mbio, kama ile ya kujenga miji.

Mpaka hapa jambo laweza kudhaniwa kuwa la wachezaji peke yao. Walakini hesabu hiyo hiyo hufanywa kila mara ukurasa wa hati ya kale upigwapo picha kwa ukubwa na kisha kupunguzwa ili uweze kutumwa au kuchapishwa. Katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nukta ndiyo itofautishayo be na te, na ndiyo itofautishayo sini na shini. Neno "shina" likipotewa na nukta zake tatu husomeka "sina". Ikiwa picha imepunguzwa kwa kutupa pikseli moja na kubakiza moja, nukta ndogo iliyoangukia safu ya kutupwa hutoweka kabisa, na msomaji hatajua kwamba ilikuwapo. Ikiwa imepunguzwa kwa wastani, nukta hiyo hufifia, lakini alama yake hubaki, na mhariri mwangalifu ataweza kurudi kwenye hati kuhakikisha. Katika njia ya kwanza kosa hujificha. Katika njia ya pili hujitangaza. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hati nyingi za Kiswahili na Kiarabu, na mwenye kufanya kazi kwa picha za hati kama hizo, badala ya hati zenyewe, hana budi kuuliza picha ilipunguzwa kwa njia gani.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa istilahi wahitaji uangalifu. Neno "kupunguza" peke yake lataja ukubwa tu, na tena ladokeza hasara. Msikilizaji hatambui ni kwa nini picha iliyopunguzwa iwe bora kuliko ile iliyochorwa kwa kadiri ya kioo tangu mwanzo. Kiswahili kinayo tofauti iliyo tayari katika habari za vitabu. Mtu akichana kila ukurasa wa pili, kitabu kimepungua. Mtu akisoma kurasa zote na kuandika muhtasari, kitabu pia kimepungua, lakini kila ukurasa umetoa sehemu yake. Kitendo cha kwanza ni kukata, cha pili ni kufupisha. Istilahi kama "ufupishaji wa picha", au kwa urefu "upunguzaji kwa wastani", yaweza kuibeba tofauti hiyo, ambapo "upunguzaji" mtupu huificha.

Kuna mpaka mmoja usioweza kuvukwa na kadi yoyote. Wastani hutakasa kile kilichochorwa. Hauongezi kile ambacho mchoraji hakukijua. Elimu ya majengo ya Kilwa ilitokana na kazi ya mikono, kama uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 na kuchapishwa mwaka 1974, na baadaye upimaji wa magofu kwa leza uliofanywa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Upimaji huo nao hufuata kanuni iliyoelezwa hapa: hukusanya nukta nyingi kupita mahitaji, ndipo hupunguza. Kuba la Msikiti Mkuu likichorwa kwa kosa, kuchorwa mara nne zaidi kutalifanya kosa hilo lionekane safi na laini, na kwa hiyo liaminike zaidi. Mtazamaji anayeifurahia picha isiyo na meno ya msumeno amepata haki yake ya jicho. Kuhusu Kilwa yenyewe, bado amebaki na kazi ya kuuliza ni nani aliyeipima, na aliipima mara ngapi.