RUFAA DHIDI YA HATIA YA KUHARIBU MALI

Wananchi na wafanyakazi wa Serikali wamekuwa wakiuliza iwapo mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kuharibu mali anayo njia nyengine baada ya hukumu. Jawabu ni kwamba anayo. Kifungu cha 12(6) cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa.

Ifahamike kuwa kuharibika kwa mali peke yake si kosa la jinai. Upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha, pasi na shaka ya maana, kwamba mali ni ya mtu mwengine, kwamba mshtakiwa ndiye aliyeiharibu, na kwamba alifanya hivyo kwa makusudi na bila ya haki. Rufaa nyingi husimama au huanguka hapo.

Tuchukue mfano. Ndugu wawili wanagombania shamba la urithi. Mmoja akaikata mikarafuu, mwengine akashtaki. Ikiwa mkataji aliamini kwa nia safi kuwa miti ni yake, hiyo ni hoja nzito ya rufaa, kwani Mahkama ya jinai si mahali pa kuamua mwenye shamba. Visiwani kwetu, ambako ardhi huweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule, jambo hili lahitaji uangalifu zaidi.

Anayekusudia kukata rufaa azingatie yafuatayo:

(a) Siku ile ile ya hukumu aiulize masjala ya Mahkama muda wa rufaa, na aombe kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi. Aliyechelewa hana budi kueleza sababu za kutosha. Kwa rufaa ya Mahkama ya Rufani ya Tanzania, taarifa hutolewa ndani ya siku 30.

(b) Sababu za rufaa zitaje kosa la hukumu yenyewe. Malalamiko matupu hayasaidii.

(c) Aliyekiri kosa kwa kawaida hupinga adhabu tu, isipokuwa kama kukiri kwake hakukuwa wazi.

(d) Rufaa peke yake haisimamishi adhabu. Dhamana huombwa mbali.

(e) Aliyeko Chuo cha Mafunzo huwasilisha rufaa yake kupitia Mkuu wa Chuo.

Mahkama ya rufaa yaweza kufuta hatia, kupunguza adhabu, kuiongeza, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Kwa hivyo rufaa isikatwe kwa hasira.

Asiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018 imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Haki ipo, lakini humfikia aliyeifuata kwa wakati.