Darubini ya Mbali na Lugha ya Kuielezea

Tangu jadi, Waswahili wamezitazama nyota kwa macho matupu na kuzipa majina. Mathalani, jina la kundi la Kilimia huhusishwa na kitenzi 'lima', kwani nyota hizo zilimwongoza mkulima kuyatambua majira ya kilimo. Leo hii, mtu anaweza kuzipiga picha nyota kwa darubini iliyo ng'ambo ya bahari bila kuondoka alipoketi.

Mfano mwafaka ni darubini ya Faulkes iliyo juu ya mlima Haleakala, Hawaii, takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Kioo chake kina kipenyo cha mita 2, na shule za Uingereza zimekuwa zikiitumia kupitia intaneti. Manufaa yake yanatokana na tofauti ya saa: wanafunzi wa Uingereza wawapo darasani mchana, Hawaii ni usiku. Kwa hesabu iyo hiyo, saa nne asubuhi jijini Nairobi ni saa tatu ya usiku uliotangulia huko Hawaii.

Mtumiaji huteua nyota, muda wa kamera kupokea mwanga, na vichujio vya rangi. Kisha kompyuta huielekeza darubini. Picha zinazorejea huwa nyeusi na nyeupe. Moja hupigwa kupitia kichujio chekundu, nyingine cha kijani, na nyingine cha buluu, ndipo programu ikaziunganisha kuwa picha moja ya rangi. Hivyo basi, rangi zinazowavutia watazamaji hutegemea pia uamuzi wa mtayarishaji.

Ni dhahiri kwamba picha pekee haielimishi umma. Picha ya Kilimia huonyesha ukungu wa buluu, lakini haisemi kwamba ukungu huo ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota. Wala haisemi kwamba mwanga huo umesafiri kwa takriban miaka 440, yaani uling'oa nanga karibu na enzi ambapo Fort Jesus ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1593. Hayo hutegemea maneno.

Kuhusu maneno, Kiswahili kina hazina na kina utata. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyokwisha kukita mizizi. Hata hivyo, neno 'unajimu' hubeba maana mbili: elimu ya nyota na utabiri wa bahati. 'Falaki' nalo halijanusurika, kwani kupiga falaki ni kuagulia. Anayetangaza maonyesho ya picha za unajimu huenda akawapata wasikilizaji waliokuja kutabiriwa ndoa na mali. Kutenganisha dhana hizo mbili si jukumu la mwanasayansi peke yake. Ni jukumu la mwanaisimu na mwanafunzi wa Kiswahili pia, la sivyo darubini itaona mbali ilhali umma utabaki gizani.