Maktaba ya Chuo Kikuu na Umilisi wa Habari kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Dhana ya umilisi wa habari ilianza kutajwa mwaka wa 1974, pale Mmarekani Paul Zurkowski alipoitumia katika ripoti kuhusu huduma za habari nchini mwake. Kwa ufupi, ni uwezo wa mtu kutambua kwamba anahitaji habari fulani, kujua inakopatikana, kuipima na kuitumia kwa uadilifu. Aghalabu hudhaniwa kwamba uwezo huu huja wenyewe pindi mtu anapojua kutumia tarakilishi. Sivyo. Mwanafunzi wa Kiswahili ana vikwazo vyake mahususi, na maktaba ya chuo ndiyo iliyo na nyenzo za kumvusha.

Kikwazo cha kwanza ni jina la lugha yenyewe. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hufuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo mada za lugha hii huorodheshwa chini ya neno Swahili. Mwanafunzi aandikaye "Kiswahili" katika sehemu ya mada huenda akapata vitabu vichache tu, akaondoka akilalama kwamba maktaba haina kitu, ilhali rafu za PL 8701 hadi PL 8704 ziko hatua chache kutoka alipoketi. Panapotumiwa mfumo wa Dewey, nambari yake ni 496.392. Majina ya waandishi nayo yana utata: Shaaban Robert aweza kuwekwa chini ya R katika katalogi moja na chini ya S katika nyingine.

Majarida ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilikuwa na jarida lake. Jarida hilo lilibadilika jina kadiri kamati yenyewe ilivyobadilika, likaja kuitwa Swahili, na hatimaye Kiswahili. Taasisi iliyolirithi nayo ilijulikana kama TUKI hadi mwaka wa 2009 ilipokuwa TATAKI. Mtafiti wa usanifishaji anayetafuta kwa jina la sasa pekee huikosa mijadala ya miongo ya mwanzo, yaani kiini hasa cha mada yake, kisha huandika katika tasnifu kwamba suala hilo "halijatafitiwa." Dai la namna hii halitokani na uvivu kila mara, mara nyingi hutokana na kutojua kutafuta.

Kuipata habari hakutoshi bila kuipima. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina toleo la 1981, la 2004 na la 2013. Anayedai kwamba msamiati fulani haujaingia kamusini, huku mkononi ana toleo la kwanza, hajathibitisha lolote. Hali kadhalika, msomaji wa utenzi uliochapishwa apaswa kujua kwamba nyuma ya chapa hiyo huenda kuna miswada kadhaa inayotofautiana. Katalogi ya miswada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka wa 1970 ingali mwongozo mzuri wa kuanzia.

Upande wa mtandao, muungano wa maktaba nchini Kenya, KLISC, ulioasisiwa mwaka wa 2003, huwezesha maktaba wanachama kugharimia kwa pamoja majarida ya kielektroniki. Jarida la Swahili Forum husomwa bila malipo. Hata hivyo, idhini isiyojulikana na mwanafunzi ni fedha zilizopotea.

Maktaba nyingi hujitetea kwa kutaja ziara ya wiki ya kwanza, ambapo mamia ya wanafunzi wapya huzungushwa baina ya rafu kwa saa moja. Ziara hiyo huja kabla ya mwanafunzi kuwa na swali lolote la utafiti, na kwa hiyo husahaulika. Wakati mwafaka ni anapoandaa pendekezo la utafiti: mkutubi aalikwe darasani, afanye kazi na mada halisi za wanafunzi. Wahadhiri pia wana sehemu yao katika tatizo hili. Anayetahini kutokana na madokezo yake peke yake huigeuza maktaba kuwa ukumbi wa kukariri madokezo hayo. Wakutubi nao waweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti kubwa: kuongeza katika katalogi kielekezi kutoka Kiswahili hadi Swahili, na kuziorodhesha tasnifu za idara kwa istilahi za Kiswahili zilizotumiwa na waandishi wake.